FEZA MKONONI, MTOTO DARASANI

Mwezi wa 9 ukikaribia, swali moja linaingia katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, na halitoki mpaka lijibiwe: mwaka huu nani atasoma, na nani atangoja? Mzazi mwenye watoto 6 hahitaji karatasi wala kalamu. Hesabu anaifanya kichwani, usiku, wakati wengine wamelala. Huyu mkubwa yuko mwaka wa mwisho, hatuwezi kumkatiza njiani. Huyu mdogo yuko msingi, aende. Na huyu wa katikati? Mara nyingi ni yeye, kijana ama binti wa miaka 13 au 14, anayeambiwa asubuhi: «Weye ngoja kwanza, mwaka kesho tutaona.»

Mwaka kesho ukifika, sisi wa maeneo ya machimbo tunajua mambo yanavyokuwa. Kijana amekwisha kuzoea ku kishimo, anabeba mchanga na kuuosha. Ama anasukuma chukudu. Binti amekwisha kuwa mama wa nyumba.

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya njia moja ya kujibu swali lile: feza ambazo jamaa maskini inapewa mkononi, si unga, si blanketi, si sufuria. Vijana wanaita «kashi». Katika Kivu ya Kaskazini njia hii imejulikana kwa zaidi ya miaka 10 sasa, na kila inapopita inaacha maneno mengi: wengine wanaisifu, wengine wanasema inaharibu watu. Sisi tunauliza jambo moja tu: je, inamrudisha mtoto darasani? Tunajibu ndiyo. Lakini haimrudishi pale ambapo wengi wanafikiri, wala haikai muda mrefu.

Masomo ya bure yanaishia wapi

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za Serikali. Maneno hayo yalilala kwenye karatasi kwa miaka 13. Tangu miaka ya 1990, wakati mshahara wa mwalimu ulipogeuka kuwa kitu cha kuchekesha, ni wazazi waliobeba shule mabegani. Walilipa ile «primu» ya mwalimu, na mtoto ambaye primu yake haikufika alirudishwa nyumbani na mfuko wake. Shule za makanisa, ambazo zinaongozwa chini ya mapatano yaliyofanywa na Serikali katika mwaka wa 1977, zilifanya vilevile kama zingine. Tuseme ukweli tu.

Mwezi wa 9 wa 2019 Serikali ilianza kutimiza neno lile la bure, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia kazi hiyo. Watoto waliingia kama maji ya mvua. Benchi ya watoto 3 ikakaliwa na 5. Walimu wengi waliozoea kuishi na primu wakabaki mikono mitupu, zaidi wale ambao Serikali haijawaandika kwenye listi ya mishahara, wale tunaowaita «NP», maana yake wasiolipwa. Mwalimu asiyelipwa naye ni mzazi, usisahau.

Basi, kama msingi ni bure, feza za msaada zinafanya kazi gani? Kwanza, bure haigusi kaye, bic, viatu, shati nyeupe na sketi ama suruali ya bulu. Haigusi njaa ya saa nne. Zaidi ya hayo, bure inaishia mwaka wa 6. Mtoto akitaka kuendelea, minervali na michango inamngoja pale mlangoni.

Wenzetu wa Kenya walipita njia hii mbele yetu. Masomo ya msingi yalikuwa ya bure kwao tangu mwaka wa 2003, na mwaka wa 2004 Serikali yao ilianza kujaribu kuzipa feza jamaa zinazolea yatima na watoto walio katika shida. Watafiti walipokwenda kupima, waliona kwamba masomo ya msingi hayakubadilika sana, sababu karibu watoto wote walikuwa wamekwisha kuingia. Pahali palipobadilika ni sekondari: watoto wengi zaidi waliendelea. Ndiyo maana mzazi wa Butembo akituambia kwamba alitumia msaada wake kwa yule wa katikati, tunamwelewa mara moja.

Jamaa moja ya mfano

Tuchukue jamaa moja. Si jamaa ya kweli. Tumeiunga sisi wenyewe kwa vipande vya maisha ambavyo kila parokia na kila kanisa la Butembo linavijua. Imetoka upande wa Manguredjipa, magharibi ya Butembo, kule kwenye zahabu na mashamba. Ilikimbia katika mwaka wa 2024, wakati mauaji ya ADF, yaliyoanza kumaliza watu katika Beni tangu mwezi wa 10 wa 2014, yalipofika mpaka sekta ya Bapere katika Lubero. Baba alikuwa anachimba, mama alikuwa na shamba la muhogo na ndizi. Sasa wako watu 8 katika chumba kimoja kwa ndugu wa mama. Binti ana miaka 15, kijana ana 13 na amemaliza mwaka wa 6, wengine 3 ni wa msingi, na mdogo yuko mgongoni.

Siku moja simu ya mama inalia: feza zimeingia. Zinakwenda wapi?

Kwanza zinakwenda ku deni. Wakubwa wa mashirika wakati mwingine wanashangaa: tuliwapa feza za kula, mbona wamelipa madeni? Lakini deni ndilo linalofunga mlango wa duka. Mama akilipa nusu tu, kesho mwenye duka atamkopesha tena chumvi na mafuta, na mwenye nyumba hatagonga mlango kwa hasira. Kisha chakula: unga wa muhogo, maharagwe, mawese. Kisha dawa ya mdogo. Shule inakuja nyuma ya hayo, kama inakuja.

Sasa tutazame yule kijana wa miaka 13. Tangu walipofika Butembo anashinda sokoni, anabebea wamama wa biashara mizigo yao, na jioni analeta kitu kidogo: leo sabuni, kesho chumvi, siku nzuri dagaa. Kumrudisha shuleni ni kulipa mara mbili. Unalipa minervali kwa prefe, hiyo inaonekana, inaandikwa kwenye risiti. Tena unapoteza sabuni ile ya jioni, na hiyo hakuna anayeiandikia risiti. Wazazi wengi wanashindwa na hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Ndugu akijitolea kulipa minervali yote ya mtoto, bado mtoto anaweza kukosa darasani, sababu nyumba inahitaji mikono yake. Tumeona mapadri na wachungaji wakikasirika: «Tulimlipia, kumbe haendi!» Hawakuuliza sabuni inatoka wapi.

Hapo ndipo feza za mkononi zinapopita msaada mwingine. Zinalipa ile ya prefe na zinafunika ile ya sabuni. Kwa miezi 2 au 3 nyumba haihitaji mikono ya kijana. Na kama mama ametoa kidogo akanunua beseni, unga wa ngano na mafuta, akaanza kukaanga mandazi asubuhi, sabuni itaendelea kuingia hata feza zikiisha. Beseni hilo halionekani katika hesabu za shule, lakini wazazi wetu wanajua kwamba ndilo linalolipa trimestri ya pili.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto wa Kongo, na kazi ya kishimo haimfai hata kidogo. Tunakubali. Lakini sheria peke yake hailishi nyumba, na mtoto anayefukuzwa kwenye machimbo bila kitu kingine cha kushika anarudi kwa njia ya nyuma.

Kutoka blanketi mpaka simu

Wasomaji wa zamani wanakumbuka namna misaada ilivyokuwa: lori linafika, watu wanapanga mstari, kila mmoja anabeba sufuria, blanketi, sabuni na jerikani. Vilikuwa vitu vizuri. Lakini jioni ileile ungekuta blanketi sokoni, linauzwa kwa bei ya kutupa. Watu walisema waliopewa hawana haya. Kumbe aliyeuza alikuwa na blanketi moja tayari na mtoto aliyefukuzwa shuleni. Alichohitaji ni minervali, akapewa blanketi, akapoteza nusu ya thamani yake ili apate minervali.

Baadaye vikaja vikaratasi vya kununulia, na masoko ya kutayarishwa ambamo mtu anajichagulia vitu mwenyewe. Kisha feza zenyewe. Kati ya 2011 na 2012 huko Masisi, katika jimbo letu hili, shirika la Concern na watafiti walilinganisha: jamaa zingine za wahamishwa zilipewa feza, zingine vikaratasi vya thamani ileile. Wenye vikaratasi walinunua chumvi nyingi, sababu chumvi haiozi. Wenye feza walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, kila mmoja kwa shida yake. Kwa chakula hapakuwa tofauti kubwa, lakini kugawa feza kulikuwa rahisi zaidi kwa shirika lenyewe. Miaka iliyofuata UNICEF pamoja na mashirika mengine iliendesha programu kubwa ya feza bila masharti katika mashariki ya Kongo, jina lake ARCC, na masomo ya watoto yalikuwa kati ya mambo ambayo jamaa zilijichagulia, pamoja na chakula, mifugo na nyumba. Vodacom ilikuwa imeleta M-Pesa kwetu katika mwaka wa 2012, na hivi kupokea feza kukawa kitu cha simu na kabini.

Beni na Butembo zilionja pia feza za kazi. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, Fonds Social ya Serikali iliwalipa vijana na wamama kwa kutengeneza barabara za mitaa. Kulipwa kwa jembe ni tofauti na kupewa, lakini mwezi wa 9 minervali haiulizi feza zilitoka wapi.

«Baba atakunywa»

Neno hili linasikika kila mahali: «Muko munapa baba makuta? Ataenda kuyamaliza ku kasiksi!» Tusijifanye kwamba baba wa namna hiyo hayuko. Yuko, tena kila mtaa unamjua. Lakini watafiti wawili walikusanya masomo 19 yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, juu ya feza za msaada na pombe na tumbaku. Walikuta kwamba kwa ujumla jamaa zinazopewa feza haziongezi kunywa wala kuvuta. Mara zingine zinapunguza. Mlevi alikuwa mlevi mbele ya msaada.

Wengine wanasema: basi wapeni wamama tu. Mara nyingi sisi pia tungechagua mama. Lakini kuna jambo kutoka Moroko ambalo linatufikirisha. Katika programu yao ya Tayssir, iliyojaribiwa kati ya 2008 na 2010 vijijini, feza ziliitwa waziwazi «feza za masomo ya mtoto», bila kulazimisha mtu. Watoto waliongezeka sana shuleni. Na hapakuwa tofauti kubwa kama aliyepokea ni baba ama mama. Jina la feza lilitosha. Baba aliyesikia mbele ya watu wote kwamba hizi ni za daftari la mtoto, aliona haya kuzipeleka pengine. Sisi tunaona kwamba hata Butembo jina lina nguvu: feza za mahari hazinunui nyama ya kila siku, na feza za likelemba hazichezewi.

Na je, tuweke sharti, kwamba mtoto asipohudhuria feza zinakatwa? Huko Zomba, Malawi, walijaribu kwa wasichana katika 2008 na 2009. Wenye sharti walihudhuria vizuri zaidi. Lakini kati ya wasichana wale ambao walikuwa wameacha shule kabisa, waliopewa feza bila sharti ndio waliochelewa kuolewa na kupata mimba. Sharti lingewatupa nje ya msaada siku ileile waliyouhitaji zaidi. Ninyi mabinti mnaosoma gazeti hili mnajua hatuhitaji kueleza zaidi.

Kuna pia neno la uvivu. Butembo ni mji wa kazi. Wafanyabiashara wake ndio waliojikusanya kutafuta umeme na kusaidia barabara, na Askofu Kataliko alikuwa mchungaji wao wakati Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilipoanzishwa katika 1989. Katika mji kama huo kupewa bure kunaleta haya. Lakini mfanyabiashara hamwiti mwenzake mvivu sababu alipata mtaji. Anauliza tu: ulifanya nini nao?

Pale panapoharibika

Feza zina wezi wake. Katika mwaka wa 2022, huko Kivu ya Kusini, karibu dola 900,000 za shirika la GiveDirectly ziliibiwa, na wafanyakazi wa shirika lenyewe walikuwa ndani ya njama. Waliruhusiwa kuandikisha kadi za simu za watu, na hapo mlango ukafunguka. Shirika lilitangaza jambo hilo lenyewe mwaka uliofuata. Kwa hiyo mama, baba, kadi ya SIM iandikishwe kwa jina lako, mbele ya macho yako. Nambari ya siri usiiandike kwenye karatasi, usimpe mwenye kabini, usimpe hata kiongozi wa listi anayesema anakusaidia. Na mtu akiomba «ya soda» ili jina lako liandikwe, jua kwamba msaada hauuzwi.

Wivu nao ni hatari. Jamaa iliyopokea wahamishwa imegawa chumba, maji na kuni. Msaada ukienda kwa mgeni peke yake, mwenyeji ananyamaza, lakini hafurahi. Wakati wa Ebola tuliona namna feza za nje zinavyoweza kuleta mashaka, mpaka watu wakasema ugonjwa ni biashara. Wahamishwa wengi wenye busara wanamkatia mwenyeji sehemu yake mbele ya mtu yeyote hajauliza.

Halafu kalenda. Msaada unafuata vita, shule inafuata mwezi wa 9. Feza zikiingia mwezi wa 5, zitakuwa zimelika kabla kengele haijapigwa. Dawa tunayoijua ni ile ya kwetu: likelemba, ama kikundi cha AVEC cha akiba, ambacho kinagawa sanduku mwishoni mwa mwezi wa 8. Wengine wanapita shuleni mapema, wanaongea na prefe, wanalipa kidogo kidogo na kudai risiti kwa kila franka. Prefe anayekubali kulipwa kwa mafungu hapotezi kitu. Anayefukuza watoto wote siku moja anapoteza wengine kabisa.

Na tangu mwanzo wa 2025 kisima chenyewe kimepungua. Marekani, iliyokuwa inatoa zaidi ya nusu ya feza za misaada ya dharura katika Kongo, ilisimamisha na kukata nyingi, na mashirika yalilazimika kupunguza listi zao. Jamaa iliyokuwa inategemea mgao wa tatu ilijikuta na wa kwanza tu. Ndiyo maana lile beseni la mandazi lina maana kuliko linavyoonekana.

Feza za mkononi hazimlipi mwalimu NP, hazijengi darasa, hazifukuzi wenye bunduki njiani. Wala hazirudishi miaka. Mtoto wa miaka 12 aliyeacha mwaka wa 3 kwa sababu ya kukimbia hawezi kukaa na wa miaka 8 bila kuchekwa, na wengi wanakimbia kicheko kile kuliko njaa. Kwa watoto hao kuna vituo vinavyoitwa CRS, ambavyo vinafundisha miaka 6 ya msingi kwa miaka 3, mpaka mtihani uleule wa mwisho wa msingi. Mzazi aulize kwa mkubwa wa shule ya karibu ama kwa ofisi ya elimu ya mtaa kama kituo kiko. Aulize pia saa za masomo, sababu baadhi ya watoto hao bado wanaleta sabuni nyumbani jioni.